Fomula ya korosho isomwe na mwenye korosho

Nina steshenari Masasi mjini, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Sehemu kubwa ya mwaka ninaishi kwa walimu na wanafunzi: mitihani ya kudurufu, barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti. Oktoba ikifika na msimu wa korosho ukafunguliwa, wateja wangu hubadilika. Wanaingia makarani wa vyama vya msingi, flashi zinaning'inia shingoni, wanataka orodha za malipo zichapishwe upesi kabla benki haijafunga. Wengi ni wa huku kwetu na Nanyumbu, walio chini ya chama kikuu cha MAMCU. Wengine huteremka kutoka Newala, walio chini ya TANECU, siku ambazo umeme wa huko juu umekatika au wino umewaishia.

Kabla ya kuchapisha ni lazima nilifungue faili na kulipanga lienee kwenye karatasi. Hapo ndipo ninapokiona kitu ambacho mkulima haoneshwi: fomula iliyozaa ile namba ya mwisho kwenye mstari wa jina lake. Baada ya misimu kadhaa ya kuzitazama fomula hizo, nina hoja moja. Fomula za malipo ya korosho ziandikwe kwa majina ya vichwa vya safu, yaani Kilo, Bei na Makato, tuachane na E7 na H2. Najua hoja hii itasikika kama mambo ya mafundi wa kompyuta. Mimi naiona ni haki ya mkulima kujua amelipwaje.

Tuanze na safari ya fedha yenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulitungiwa sheria mwaka 2005, ukaanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi. Chama kinazisafirisha hadi ghala kuu, zinauzwa mnadani, mnunuzi analipa, kisha fedha zinaingia kwenye akaunti ya mkulima zikiwa zimekwisha katwa. Kwenye mnada tumepiga hatua kubwa. Zamani wanunuzi walitumbukiza barua za bei kwenye sanduku. Tangu msimu wa 2024/25 wanashindana kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na minada ya mwanzo ya msimu ule ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ikitoka inatangazwa redioni, inasambaa WhatsApp, na kufika jioni hata mtoto wa darasa la tatu kule Kitangari, Newala, anaijua.

Giza linaanza baada ya hapo. Kati ya bei aliyoisikia redioni na salio analolikuta benki kuna orodha, na ndani ya orodha kuna fomula.

Nieleze orodha ya kawaida inayofika mezani kwangu, bila kutaja ya chama gani. Safu A ni namba, B jina la mkulima, C namba ya stakabadhi, D daraja, E kilo, F bei ya mnada, G malipo. Makato hayana safu. Yameandikwa pembeni, kwenye kisanduku H2, mara nyingi bila maelezo yoyote, na mara nyingi nje ya eneo linalochapishwa. Mkulima wa kwanza yuko mstari wa 7, na malipo yake yamekokotolewa hivi: =E7*(F7-$H$2). Zile alama za dola ni za kuifunga H2 ili fomula ikinakiliwa kwenda chini, iendelee kusoma kisanduku kile kile.

Tuseme mkulima huyo ana kilo 480, bei ni shilingi 3,200 na makato ni shilingi 250 kwa kilo. Anapaswa kupata shilingi 1,416,000. Sasa karani anaanza kazi ya mnada mwingine. Haanzi upya, hakuna anayeanza upya. Analichukua faili la wiki iliyopita, anabadilisha majina, kilo na bei, anahifadhi kwa jina jipya. Kule pembeni H2 bado ina makato ya mnada uliopita, tuseme shilingi 310. Fomula haina ubaya wowote, inafanya ilivyoambiwa, na mkulima wetu anaandikiwa shilingi 1,387,200. Zimepotea shilingi 28,800, na hakuna kengele iliyolia. Karatasi ya kwenye ubao wa matangazo itaonesha kilo sahihi, bei sahihi na malipo yenye makosa, na chanzo cha makosa hakimo kwenye karatasi.

Shilingi 28,800 ni viatu vya shule vya mtoto. Zizidishe kwa wakulima wa chama kizima, na kumbuka kwamba karani hakuiba hata senti.

Tatizo ni kwamba E7 na H2 ni anwani, na anwani haisemi ndani anakaa nani. Ukifika Kitangari ukamtafuta mtu, hakuna atakayekuambia nyumba ya tano mstari wa saba. Watakuambia kwa mama Hadija, penye mkorosho uliolala. Ukiambiwa hivyo, hata ukiwa mgeni, utajua umefika au umepotea.

Excel yenyewe inaijua njia hiyo. Weka kishale ndani ya orodha, bonyeza Ctrl na T, kubali kwamba orodha ina vichwa. Orodha inakuwa jedwali. Makato yape safu yake, kila mstari na makato yake. Kisha andika malipo hivi: =[@Kilo]*([@Bei]-[@Makato]). Ile alama ya @ inamaanisha "ya mstari huu huu". Ukibonyeza Enter, fomula inashuka yenyewe hadi kwa mkulima wa mwisho. Jedwali ukiliita Orodha, jumla ya kilo inaandikwa =SUM(Orodha[Kilo]), na mkulima atakayeongezwa chini anaingia kwenye jumla bila mtu kugusa kitu. Ukiandika =SUM(E7:E212), mkulima wa mstari wa 213 anaweza kulipwa na asionekane kwenye jumla, halafu kikao cha bodi kinakesha kikitafuta magunia yaliyopotea.

Kuna faida nyingine ambayo makarani wengi hawajaigundua. Ukibonyeza Ctrl pamoja na kile kitufe kilicho chini ya Esc, Excel inaficha majibu na kuonesha fomula zenyewe. Fanya hivyo kwenye orodha ya zamani: utaona E7, E8, E9, E10, kila mstari tofauti na mwenzake, na jicho linachoka kabla ya ukurasa wa pili. Fanya kwenye jedwali lenye majina: safu nzima ya malipo inasoma maneno yale yale, juu hadi chini. Ikiwa katikati kuna mtu ambaye malipo yake yamechapwa kwa mkono, hana fomula, namba yake inajitokeza yenyewe. Ukaguzi ambao ungechukua siku nzima unakwisha kabla chai haijapoa.

Wala kutumia majina si jambo jipya. VisiCalc, programu ya kwanza ya namna hii kwa kompyuta ndogo, ilitoka Marekani mwaka 1979, nayo ilikuja na herufi za safu na namba za mistari. Watu walianza mapema kutafuta njia ya kutumia majina. Lotus Improv ya mwaka 1991 ilijengwa juu ya wazo hilo: unaandika bei mara kiasi kwa maneno. Excel 97 ikaruhusu kuandika kichwa cha safu moja kwa moja ndani ya fomula, ila kompyuta ilibidi ikisie ni safu ipi unayoikusudia. Toleo la 2007 liliiondoa njia hiyo, mafaili ya zamani yakageuziwa majina yao kuwa anwani za visanduku, na badala yake yakaletwa majedwali yenye majina ninayoyaeleza hapa, ambayo hayakisii. Kwa hiyo chombo kimekuwepo kwenye kompyuta za vyama vyetu miaka yote hii. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kitumike.

Na asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya makarani wa vijijini. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa faili lao la Excel akakuta fomula ya wastani inaishia mstari wa 44 ilhali data zinakwenda hadi wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Halikuwa kosa pekee alilolikuta, lakini ndilo lililowaaibisha zaidi, na mtu aliyeliona ni mtu aliyepewa faili. Mkulima wa Lulindi hapewi faili. Anapewa karatasi.

Hoja ya kwanza ninayopingwa nayo na makarani wenyewe ni kwamba mkulima hajui kompyuta, hivyo fomula ikiandikwa kwa majina au kwa herufi kwake ni sawa. Si sawa. Msimu uliopita aliingia mzee mmoja wa Newala, alikuwa amemleta mkewe hospitali ya Mkomaindo. Tukasalimiana, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, nisomee hapa, wamefanyaje?" Orodha ya chama chake ilikuwa bado kwenye kompyuta, karani wao alikuwa ameichapishia kwangu. Nikamsomea kama ilivyoandikwa: E kumi na tisa mara F kumi na tisa toa H mbili. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa. Nikasema, "Babu, ni hivi: kilo zako, mara bei toa makato." Hapo hapo akauliza, "Makato hayo ni ya nini na nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na halikuhitaji kompyuta. Lilihitaji aambiwe neno. Mzee aliyepalilia, akapulizia salfa, akaokota, akakausha na kujaza magunia anazijua kilo, bei na makato kuliko mimi na kuliko karani. Tunachomnyima kwa kutumia herufi ni nafasi ya kuuliza swali la pili.

Swali lake linatupeleka mbele zaidi. Jina Makato nalo linaweza kuwa kichaka. Ndani yake kuna usafirishaji, ghala, magunia, chama kikuu, chama cha msingi, ushuru wa halmashauri na mengine kulingana na msimu. Tena hayakokotolewi kwa namna moja. Ushuru wa mazao unatozwa kwa asilimia, na mwaka 2017 sheria iliweka asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Usafirishaji ni shilingi kwa kilo na unategemea umbali wa ghala. Ukiviweka vyote kwenye kisanduku kimoja pembeni, unakuwa umechanganya kitu kinachopanda na bei na kitu kisichopanda. Kila kimoja kikipewa safu na kichwa chake, fomula inakuwa ndefu kidogo, lakini kila senti inaonekana imekwenda wapi. Mwenye stakabadhi mbili zilizouzwa minada miwili tofauti naye anapata mistari miwili, kila mmoja na bei yake na makato yake, badala ya wote kulazimishwa kulala chini ya H2.

Hoja ya pili ni kwamba mifumo ya kidijitali inakuja, kwa hiyo Excel inakufa. Kweli Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU, na mnada uko TMX. Lakini mezani kwangu flashi hazijapungua. Karani anatayarisha kwenye Excel kwanza, analinganisha kwenye Excel, na mkulima akilalamika anafungua Excel. Hata siku mfumo utakapokokotoa kila kitu, nao una fomula ndani yake, na dai langu litabaki lile lile: ioneshwe kwa maneno ambayo mwenye mali anayaelewa.

Hoja ya tatu ni nzito, nami naikubali nusu. Majina mazuri hayamzuii mwizi. Mzani ukichezewa, Kilo itakuwa uongo hata kama kichwa chake kimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Unyaufu ukitiwa chumvi ghalani, fomula haitajua. Ni kweli. Lakini kwa orodha za sasa hatuwezi hata kutenganisha uzembe na wizi, kwa sababu vyote viwili vinajificha nyuma ya H2. Tukiyaondoa makosa ya kukokotoa, yatakayobaki yatakuwa na mwenyewe.

Tusisahau pia gharama ya mkulima kutoelewa. Aprili 2013 majirani zetu wa Liwale, mkoani Lindi, waliingia kwenye vurugu na nyumba zikachomwa, baada ya wakulima kuambiwa malipo yatakuwa pungufu ya walivyotarajia. Mwishoni mwa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalisubiri uhakiki, timu zikazunguka vyama vya msingi kuhakiki orodha. Sisemi fomula ingezuia hayo, maana yalikuwa na sababu kubwa za bei na za siasa. Nasema huku kwetu malipo ya korosho yakikosa maelezo, watu hujaza maelezo yao wenyewe, na mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli.

Kwa makarani wenzangu wa kibodi, kuna masharti machache ya kuzingatia ili njia hii isiwaangushe. Kichwa cha safu kiwe mstari mmoja, msiunganishe visanduku ili kipendeze. Kila kichwa kiwe na jina lake peke yake. Mkiandika Kilo mara mbili, Excel itaiita ya pili Kilo2 nanyi mtasahau ipi ni ya ghalani na ipi ni ya chama, basi andikeni KiloChama na KiloGhala mapema. Majina yawe mafupi: Bei inatosha, kwa sababu "Bei ya mnada" ina nafasi katikati na itadai mabano ya ziada. Msiweke mabano wala alama ya reli kwenye kichwa. Mstari wa jumla usichomekwe katikati ya wakulima. Na anayetumia programu nyingine isiyokubali jambo hili vizuri, akipe jina walau kile kisanduku cha makato, kiitwe Makato badala ya $H$2. Hilo linawezekana karibu kila mahali.

Ninachoomba kwa wakubwa si fedha. MAMCU na TANECU wakae kabla ya msimu kufunguliwa, watoe jedwali moja tupu kwa vyama vyote vya Masasi, Nanyumbu, Newala, Tandahimba na Mtwara, lenye vichwa vile vile kwa mpangilio ule ule, na fomula zilizokwisha andikwa kwa majina. Mkulima mwenye shamba Chiungutwa na jingine la urithi kule Newala ataweza kulinganisha karatasi mbili bila mkalimani. Wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wanapopita, waombe ukurasa wa fomula kama wanavyoomba leja. Na chini ya kila orodha inayobandikwa, kiwepo kistari kimoja kinachosema malipo yamepatikanaje, kwa maneno. Hakitajaza karatasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sasa tunalo, tena la kompyuta, ila limeandikwa kwa herufi ambazo mwenye mali hawezi kuzisoma, na daftari la namna hiyo halimlindi.

Kwa hiyo ninyi wanachama, mkutano mkuu ujao, ajenda ya malipo ikifika, msiulize tu bei ilikuwa ngapi. Mwambieni katibu aisome fomula kwa sauti. Akisoma kilo, bei, usafirishaji, ghala na ushuru, mpigieni makofi na muulize la pili. Akisoma E na F na H, mwambieni aende akaiandike upya, na asaini baada ya hapo.